Marimo: Tufe la mwani linalotaka ubaridi, kivuli na mkono wa kuligeuza

Kila mwaka, kuanzia Oktoba 8, wazee wa jamii ya Waainu hukusanyika kando ya Ziwa Akan, katika kisiwa cha Hokkaido kaskazini mwa Japani, kwa sherehe ya siku tatu ambayo mgeni wake wa heshima ni mwani. Matufe ya kijani kibichi yaliyotolewa majini hupokewa kwa dua, hupitishwa mjini usiku kwa maandamano ya mienge, na sherehe inapofikia kilele chake mzee huyapandisha kwenye mtumbwi na kuyarudisha ziwani kwa mikono yake mwenyewe.

Sherehe hiyo haina umri mkubwa. Ilianza mwaka 1950, na iliyoizaa ni hofu. Kwa miaka mingi ziwa lilikuwa limeteswa: misitu ya jirani ilikatwa na tope likaingia majini, mitambo ya umeme ilivuta maji hadi kina kikashuka na matufe yakabaki ufukweni yakikauka, na watu waliyabeba kwenda kuyauza au kupambia nyumba. Serikali ya Japani ilikuwa imeyatangaza kuwa kumbukumbu ya asili tangu 1921, lakini tangazo halikuwazuia wachukuaji. Wenyeji wakaamua kuwaomba waliochukua warudishe, na kila aliyerudisha akapokewa kwa heshima. Mwaka 1952 ulinzi ukapandishwa daraja, matufe yakawa kumbukumbu maalumu ya asili, na mwaka 1956 yakachorwa kwenye stempu ya posta ya nchi hiyo.

Wajapani huyaita marimo. Leo ndugu zake kutoka nchi nyingine wanauzwa katika maduka ya samaki wa mapambo duniani, na mtu aliyeketi Nairobi au Dar es Salaam na simu yake mkononi anaweza kuliona tufe hilo na kulitamani. Muuzaji humwambia ni pambo lisilohitaji matunzo: liweke kwenye glasi ya maji, liache hapo, litaishi. Maneno hayo ndiyo yanayoua marimo wengi majumbani. Tufe hili haliombi mengi, hilo ni kweli, lakini machache linayoomba haliwezi kuyakosa, na yote yanatoka kwenye ziwa lililolizaa. Anayelielewa ziwa hahitaji kukariri masharti.

Kwanza tulijue lenyewe. Halina mzizi wala jani wala ua. Ni mwani wa kijani, jamaa wa ule utando unaoota kwenye pipa la maji ya mvua lililoachwa nje. Mwani wanaolima akina mama wa Paje na Jambiani kule Unguja ni wa kundi jingine kabisa, kundi la mwani mwekundu wa baharini. Huu wa maziwa baridi jina lake la kisayansi ni Aegagropila linnaei. Mwaustria Anton Sauter aliuona katika ziwa la Zeller See miaka ya 1820, na katika ziwa hilo matufe hayapo tena. Huko Japani, mwanafunzi wa chuo cha kilimo cha Sapporo, Takiya Kawakami, aliyakuta Akan na kuyapa jina hilo la marimo mwaka 1898. Kwa muda mrefu wataalamu waliuhesabu mwani huu katika jenasi ya Cladophora, hadi vipimo vya vinasaba vilipoonyesha kwamba una ukoo wake.

Ukilipasua tufe kwa kisu hutakuta jiwe, mbegu wala kokwa. Utakuta nyuzi nyembamba zenye matawi, zimejipanga kutoka katikati kwenda nje, nyuzi elfu na elfu zilizoshikana kwa kusongamana tu. La ajabu ni kwamba ndani nako ni kijani. Mwanga haufiki huko, lakini chembehai za ndani zimetunza kijani chake zikisubiri. Siku tufe likivunjika, upande uliokuwa gizani huanza kazi ya usanisinuru bila kuchelewa. Kwa mfugaji wa nyumbani hili lina maana kubwa: tufe lililogawanyika halijafa, limekuwa mawili.

Tena si kila mwani wa aina hii hujiviringa. Katika maziwa mengi ya kaskazini mwa dunia huota kama zulia juu ya mawe, au huelea kama nyuzi zilizotawanyika. Umbo la tufe ni adimu, kwa sababu lahitaji ziwa lenye sifa zake: maji mafupi, sakafu isiyo na vikwazo, virutubisho vya kiasi, na upepo unaovuma kutoka upande unaofaa. Akan, ziwa lililozaliwa na volkano na lenye ukubwa wa kilomita za mraba 13 hivi, lina ghuba ya Churui yenye sifa hizo zote. Upepo huvuka ziwa, hujenga mawimbi, na mawimbi hayo huligeuza tufe juu ya sakafu kama kiganja kinavyoviringisha tonge la ugali. Kwa kugeuzwa huko kila upande hupata mwanga kwa zamu, tope hupukutika, na nyuzi zinazorefuka kupita nyingine husuguliwa na majirani hadi zikalingana. Tufe huongezeka kipenyo kwa milimita 5 hivi kwa mwaka. Yapo ya Akan yaliyofikia sentimita 30, na makubwa hayo huwa matupu katikati, kwa sababu ndani kabisa nyuzi huoza kadiri miaka inavyokwenda.

Kisha inakuja baridi. Ziwa huganda, theluji hulala juu ya barafu, na matufe hukaa miezi kadhaa gizani katika maji ya nyuzi chache tu juu ya sifuri. Mtu angedhani giza hilo ni adhabu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Tokyo, katika kazi waliyoichapisha mwaka 2022, walionyesha kinyume: mwanga mkali ukiyapiga matufe wakati maji yana baridi kali, mitambo ya usanisinuru ndani ya chembe zake huharibika, na ukidumu saa nyingi chembe hufa. Barafu na theluji ndizo pazia lao. Wanachohofia sasa wanasayansi ni kwamba dunia inapopata joto barafu itapungua unene na siku, na pazia litafunguka mapema.

Nimekaa ziwani kwa muda kwa sababu haya ndiyo maelezo ya matunzo, yaliyobaki ni kuyahamishia sebuleni.

Tuanze na joto, maana kwetu hapo ndipo penye vita. Marimo hustawi katika maji yaliyo chini ya nyuzi joto 25, na hufurahia zaidi kati ya 15 na 22. Mtu wa Njombe, Lushoto, Nairobi au Bukavu hana haja ya kuhangaika: maji ya nyumbani kwake kwa sehemu kubwa ya mwaka yako palepale yanapotakiwa. Wa Dar es Salaam, Mombasa au Unguja ana kazi. Miezi ya kaskazi maji ya tangi yanaweza kufika nyuzi 28 hata 30, na tufe lililo katika maji hayo hupoteza rangi, hulegea, na mwani wa aina nyingine huanza kuota juu yake. Kwa watu wa pwani ushauri wangu ni kutoliweka kabisa marimo katika tangi la samaki wa maji ya joto. Lipe makazi yake: chupa ya kioo ya mdomo mpana, peke yake. Chupa hiyo iweke ndani ya chungu cha udongo kisichopakwa rangi, chenye maji kiasi cha kuifikia nusu yake. Maji yanayopenya kwenye udongo na kukauka nje huondoka na joto, ndiyo siri ileile ya mtungi wa maji ya kunywa. Dodoma, ambako hewa ni kavu, chungu kitafanya kazi vizuri zaidi kuliko Tanga, lakini hata Tanga nyuzi moja au mbili zina faida. Siku za joto la kupindukia tufe halina tatizo kulala usiku kucha kwenye friji, sehemu ya chini, ndani ya chupa yake ya maji. Baridi na giza ni vitu linavyovijua.

Baada ya joto, mwanga. Watu wetu tukisikia kiumbe fulani ni cha kijani, mawazo yetu huenda kwenye jua. Mmea wa dirishani, mche wa nyanya, mchicha: vyote vinataka jua, basi na tufe nalo likawekwe dirishani. Hapana. Marimo huishi chini ya maji, katika ziwa ambalo mwanga wake huchujwa na kina, na kwa miezi kadhaa na barafu. Mwanga wa chumba unaokuwezesha kusoma gazeti hili bila kuwasha taa unalitosha. Jua likilipiga moja kwa moja mambo mawili hutokea kwa pamoja: nyuzi huungua zikapauka, na chupa hupata joto kwa haraka ya kutisha. Ukumbuke pia kwamba kwetu sisi tulio karibu na ikweta jua huhama. Dirisha lililo kivulini mwezi Juni laweza kuwa juani Desemba. Rafu iliyo upande wa pili wa chumba, mbali na dirisha, ndiyo salama yake. Kama liko kwenye tangi lenye taa, saa 8 za taa kwa siku hazina shida, mradi taa si kali na tufe liko chini kabisa.

Maji yenyewe si tatizo kubwa. Ya bomba yana klorini, kwa hiyo yaache kwenye ndoo iliyo wazi siku nzima na usiku wake kabla ya kuyatumia. Ya mvua yaliyokingwa kwenye chombo safi ni mazuri mno. Wakazi wa Dar es Salaam wanaotumia maji ya kisima yenye chumvichumvi watauliza: je, hayatalidhuru? Mwani huu huota hata katika sehemu za Bahari ya Baltiki ambako chumvi ni kidogo, kwa hiyo chumvi hafifu linaivumilia. Ile inayokunja uso ukiyanywa, hapana. Badilisha maji ya chupa yote kila baada ya wiki mbili, na wakati wa joto kila wiki. Kwenye tangi la samaki, kubadilisha sehemu ya maji kwa ratiba yako ya kawaida kunatosha. Mbolea ya mimea ya majini halihitaji. Hewa ya kaboni ya kutia kwa mtungi, wanayotumia wapenzi wa bustani za majini, nayo halihitaji.

Kisha kuna kazi ambayo wauzaji hawaitaji kabisa, nayo kwangu ndiyo kiini cha matunzo yote. Sebuleni hakuna upepo wa Hokkaido. Tufe lililowekwa pembeni mwa tangi likaachwa hapo miezi sita hubonyea chini, upande uliolalia hukosa mwanga na kuwa wa kahawia, taka za samaki hujipenyeza kati ya nyuzi, na ndani huanza kuoza. Lazima mtu awe wimbi. Mara moja kwa wiki ligeuze, upande wa chini uje juu. Ukiwa na pampu ndogo, ielekeze ili mkondo ulisukumesukume. Ukiliona linatembea polepole juu ya changarawe ujue liko karibu na maisha yake ya asili.

Na unapobadilisha maji, lioshe. Chota maji ya tangi au maji yaliyolala kwenye beseni dogo. Lishike tufe chini ya maji kwa viganja viwili na ulikamue taratibu. Hapo utaona linavyofanya kazi: maji yanayotoka ni ya rangi ya chai ya mkandaa, yana vumbi laini na vipande vya kinyesi cha samaki, wakati mwingine na konokono mchanga asiyejulikana aliingiaje. Liachie linywe tena, hujaa kidogo kidogo na kutoa vipovu, kisha kamua tena hadi maji yawe meupe. Usilinyonge kama nguo. Nyuzi zikikatika ndizo zinazoliacha na mashimo. Mwisho liviringishe kwenye viganja mpaka umbo lirudi. Liweke kwenye pua. Tufe zima hunuka ziwa, harufu ya kibichi na ya baridi. Likinuka yai viza, ndani kuna uozo, na hapo kuna upasuaji wa kufanya.

Upasuaji wenyewe si wa kuogopesha. Lipasue, nyofoa sehemu zote za kahawia zinazovunjika kwa vidole, suuza kilichobaki, kisha kusanya nyuzi za kijani na uzifunge kwa uzi wa pamba hadi ziwe duara. Zitashikana zenyewe baada ya miezi, na uzi utaoza au utaukata. Njia hiyohiyo ndiyo ya kuzalisha tufe la pili au la tatu. Hata zawadi wanazouziwa watalii kule Akan hutengenezwa hivyo, kwa kuviringisha kwa mkono nyuzi za mwani zilizokusanywa kwingineko, kwa kuwa za Akan zenyewe haziruhusiwi kuguswa.

Rangi inasema mengi kwa anayeitazama. Kupauka hadi kuwa jeupe ni mwanga mwingi, lihamishie gizani. Kahawia ya juujuu inayotoka kwa kusugua kwa mswaki laini ni mwani mwingine umelipanda, dalili ya maji yaliyochafuka. Kahawia isiyotoka ni nyuzi zilizokufa. Utelezi kama kamasi ni mwani wa jamii ya bakteria, na huo nauogopa kuliko yote kwa sababu huenea tangi zima. Safisha tufe pembeni, badilisha maji, na punguza chakula cha samaki, ambacho aghalabu ndicho chanzo.

Madai ya kwamba marimo husafisha maji ya tangi yapimwe. Ni kweli hufyonza naitreti, ni kweli hutoa oksijeni. Lakini kiumbe kinachokua milimita 5 kwa mwaka kinafyonza kidogo kama kinavyokua. Mwenye samaki 20 katika tangi dogo asitegemee tufe moja limwondolee kazi ya kubadilisha maji. Anayetaka mmea wa kunywa taka atafute unaokua kwa kasi. Marimo lifugwe kwa uzuri wake, na uzuri huo unajitosheleza.

Majirani nao huchaguliwa. Gapi wadogo, na hasa wale kamba wadogo wa maji baridi huishi nalo kwa amani. Kamba hulipanda kutwa nzima wakichokonoa uchafu kati ya nyuzi, na hulisafisha kuliko mkono wa mtu. Samaki wa dhahabu ni adui. Atalinyofoa kipande kwa kipande hadi maji yajae nyuzi. Adui wengine wanatoka nyumbani kwetu. Mbuna wa Ziwa Nyasa na Tropheus wa Ziwa Tanganyika, samaki wa rangi za kuvutia ambao wafugaji wa Ulaya na Marekani huwatafuta kwa bei ya juu, maisha yao yote ni kula mwani unaoota juu ya miamba. Ukiwawekea marimo umewaandalia meza. Hata joto wanalotaka, nyuzi 24 hadi 27, haliendani nalo. Ziwa la Kigoma na ziwa la Hokkaido yasilazimishwe kukaa katika tangi moja.

Kwa anayelitunza vizuri kuna zawadi. Asubuhi mwanga unapoingia chumbani, angalia tufe kwa karibu. Vipovu vidogo sana huanza kujitokeza kwenye ncha za nyuzi, kwanza juu, halafu ubavuni, mpaka tufe zima limevishwa shanga za kioo. Hiyo ni oksijeni ya usanisinuru. Vipovu vikiwa vingi vya kutosha tufe hunyanyuka kutoka sakafuni, huelea, na jioni vipovu vinapokwisha hushuka tena. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, walilichunguza jambo hili na kulichapisha mwaka 2018. Walipoyapaka matufe kemikali inayozuia usanisinuru, vipovu havikutoka na matufe hayakuelea. Lakini waligundua jingine: matufe yaliyokaa siku kadhaa katika mwanga hafifu huelea kwa haraka zaidi yakipewa mwanga wakati ambao kwa saa yao ya ndani ni asubuhi kuliko yakipewa adhuhuri. Uzi huu wa mwani, usio na jicho wala ubongo, unajua ni saa ngapi. Mimi nasema hilo peke yake ni sababu ya kutosha kwa mtoto wa shule kuwa na chupa ya marimo kando ya daftari zake.

Kabla ya kununua, likamue. Yapo ya bandia, duara la sponji ngumu au plastiki lililozungushiwa kuvumwani kwa uzi wa nailoni. La kweli ni laini hadi katikati, na likikamuliwa chini ya maji huzama.

Sasa nije kwenye linaloniuma. Matufe haya yanatoweka. Ziwa Mývatn la Iceland lilikuwa na makao makubwa ya marimo pamoja na Akan. Wavuvi wa huko waliyakuta kwenye nyavu zao na kuyaona uchafu tu. Kuanzia 1967 hadi 2004 kulikuwa na kiwanda kilichochota tope la sakafu ya ziwa hilo kwa ajili ya kutengeneza bidhaa za kuchujia, na virutubisho vilizidi majini, bakteria za kijani zikatanda, mwanga haukufika chini. Iceland iliyawekea matufe ulinzi wa kisheria mwaka 2006. Haikupita miaka 10, mwanabayolojia Árni Einarsson, aliyelisomea ziwa hilo maisha yake, alikuwa akitangaza kwamba karibu yote yamekwisha. Sheria ilifika baada ya tope. Mwaka 2010 mtafiti Christian Boedeker na wenzake walichapisha mapitio ya hali ya mwani huu duniani, na picha ilikuwa hiyohiyo: unapungua, na msababishi mkuu ni rutuba inayomiminika majini kutoka mashambani na mijini.

Kwa hiyo ukinunua, uliza limetoka wapi. Mengi yaliyouzwa Marekani yalitoka maziwa ya Ukraine, na hapo ndipo kilipotokea kisa ambacho kila mwenye tangi anapaswa kukijua. Mapema mwaka 2021, mfanyakazi wa duka moja la wanyama wa kufugwa mjini Seattle aliona kitu kigumu ndani ya tufe la mwani. Alikuwa kome mdogo mwenye milia, hai. Akatoa taarifa. Wataalamu wa serikali walipofuatilia waliwakuta kome hao ndani ya matufe katika maduka ya majimbo mengi nchini humo. Kome hawa asili yao ni maeneo ya Bahari Nyeusi na Bahari ya Kaspi. Walipoingia Maziwa Makuu ya Amerika miaka ya 1980 waliziba mabomba ya maji na ya mitambo ya umeme, wakachuja chakula cha viumbe vingine, na hadi leo hawajatolewa. Kome mmoja jike hutaga mayai kwa mamia ya maelfu. Na alikuwa amejificha ndani ya pambo la sebuleni.

Sisi wa Afrika Mashariki hatuhitaji kuazima funzo Seattle. Gugu maji, lenye asili ya Amerika Kusini, lilisambazwa duniani kwa ajili ya ua lake zuri la zambarau. Lilipoonekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, hakuna aliyejua kwamba baada ya muda mfupi mitumbwi ya Kisumu na Mwanza itashindwa kutoka bandarini. Wanakijiji wa mwambao wanaling'oa kwa mikono hadi leo. Naivasha wana kamba wekundu wa Amerika walioletwa 1970, nao wamefyeka mimea ya asili ya ziwa lile. Kila mara aliyeleta hakukusudia ubaya.

Basi, ndugu msomaji, ukiamua kuagiza marimo kutoka nje, fuata njia ya kibali. Kwa Kenya waulize KEPHIS, shirika la ukaguzi wa afya ya mimea; kwa Tanzania Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Likifika, litenge kwenye chombo chake kwa wiki kadhaa, lipapase kwa vidole hadi ndani, na maji ya kuoshea yatie jiki kabla ya kuyamwaga. Ukilichoka au likifa, usilitupe mtoni, ziwani, mtaroni wala chooni, na usimpe mtoto akalirushe bwawani. Lichemshe kwa dakika nzima au ligandishe kwenye friza saa 24, lifunge kwenye mfuko, litupe na taka ngumu. Maji ya tangi lake nayo yatie jiki kwanza, kisha yamwage ardhini, mbali na mfereji wowote unaokwenda ziwani.